Ahadi Iliyochorwa Barabarani



Mara nyingi tunapofundishana habari za wajibu, twaanza na mtu aliye karibu nasi. Twaambiana kuwaheshimu wazazi, kumtendea haki jirani, kutomdhulumu kibarua ujira wake. Hayo yote ni mema na ya lazima. Lakini katika maisha ya siku hizi wengi wetu hufanya kazi ambayo faida yake, au hasara yake, humfikia mtu tusiyemwona kamwe. Anayekaza nati za magurudumu ya basi hamjui abiria. Anayetia dawa katika maji ya mji hamjui mtoto atakayeyanywa. Je, watu wa namna hiyo wanadaiwa nini? Na mdai wao ni nani, maadamu hawajui hao wanaowatumikia, wala hao hawatakuja kugonga mlango na kudai?

Napenda tulitafakari swali hili kwa kumtazama mfanyakazi mmoja ambaye twampita karibu kila siku bila kumpa pole ya kazi. Huyo ni fundi wa alama za barabarani: mtu achoraye mistari juu ya lami, asimikaye vibao, afyekaye majani yaliyokificha kibao, na kurudia rangi iliyofutika. Nimemchagua yeye kwa sababu kazi yake ina jambo la pekee. Mwashi hujenga kwa matofali na seremala kwa mbao. Lakini huyu, ingawa mikono yake imejaa rangi na saruji, kitu anachokitoa hasa ni maneno. Na penye maneno, hapakosi swali la kweli na uongo.

KAZI YENYEWE

Kwanza tuijue kazi. Zamani fundi huyu alikuwa mtu wa idara ya ujenzi ya manispaa. Hapa Tanzania, tangu 2017, barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, na zile kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Na mara nyingi kazi hupewa makandarasi. Lakini mikono ni ile ile, na jua ni lile lile.

Kazi huanza kwa ufagio. Lami yenye vumbi au unyevu haishiki rangi vizuri, hata rangi yenyewe iwe ya bei gani. Baada ya kufagia, mafundi hunyosha kamba, hupima, huweka alama za chaki, ndipo wachore. Rangi wanazotumia ni za namna mbili hasa. Iko ile ya majimaji, ambayo hupakwa kwa brashi au hupulizwa kwa mashine. Na iko ile ya plastiki, ambayo huyeyushwa katika pipa la moto mpaka ifike karibu nyuzi 200 za Sentigredi, ikamwagwa juu ya lami kwa unene wa milimita mbili au tatu, nayo ikaganda kwa dakika chache. Fikirini hali ya mtu huyo: jua juu, lami yenye joto chini, pipa linalochemka ubavuni, na malori yanayompita hatua chache kutoka mgongoni mwake, hali amekingwa na koni za plastiki tu.

Vibao navyo vina elimu yake. Kwa kawaida pembetatu huonya, duara huamuru au hukataza, na mstatili hueleza. Kibao cha kusimama kimepewa pembe nane, umbo lisilofanana na jingine, ili dereva akitambue hata kikiwa kimefunikwa na tope, na hata yule anayekiona kwa nyuma ajue kwamba mwenzake wa upande ule ameamriwa kusimama. Kwa hiyo hata asiyejua kusoma husema na vibao. Hii ni lugha, nayo ina wasemaji wake na wasikilizaji wake.

MSTARI NI NENO

Fundi anapochora mstari usiokatika katikati ya barabara, pale kwenye kona ya mlimani, anamwambia dereva: "Usilipite gari lililo mbele yako, kwa maana huoni lijalo." Dereva hana nafasi ya kumwuliza kama ana hakika. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita kama mita 22 katika kila sekunde moja. Kabla hujamaliza kutamka swali, umekwisha kufika kwenye kona. Basi dereva ama anaamini, ama haamini. Akiamini, ameweka uhai wake na wa abiria wake katika neno la mtu aliyepita hapo mwaka jana na ndoo ya rangi.

Wahenga walitufundisha ya kwamba ahadi ni deni. Nami nasema kwamba kila alama ya barabarani ni ahadi, na kwa hiyo ni deni. Kibao cha kona kinaahidi kona. Mstari mweupe ukingoni unaahidi kwamba lami inaishia hapo, si kabla yake. Tena ahadi hii ni nzito kuliko nyingi tunazopeana. Nikimwahidi jirani yangu kumrudishia jembe lake Ijumaa, ananifahamu tabia yangu; anaweza kuniamini au kukataa. Lakini mpita njia hamjui fundi. Hakumchagua. Hawezi kumchunguza. Imani yake ni ya mtu asiye na njia nyingine, na imani ya namna hiyo ndiyo iliyo rahisi kuisaliti.

Ukitaka kuona imani hiyo inafika wapi, tazama habari ya nchi ya Uswidi. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Septemba 1967, nchi hiyo iliacha kuendesha magari upande wa kushoto ikahamia upande wa kulia. Saa kumi na dakika hamsini magari yaliyokuwa njiani yalitakiwa kusimama, kuhamia upande wa pili taratibu, na kusimama tena hadi saa kumi na moja kamili. Vibao vipatavyo 360,000 vilipaswa kubadilishwa au kuhamishwa kwa ajili ya siku ile. Nchi yenye watu zaidi ya milioni saba iliamka asubuhi, ikatoka barabarani, ikafuata maneno yaliyoandikwa na mafundi ambao majina yao hatuyajui. Kama mafundi wale wangalikuwa watu wa kulipua kazi, amri ya Serikali isingaliweza kumkinga mtu hata mmoja.

NAMNA TATU ZA KUSEMA UONGO KWA RANGI

Ikiwa alama ni neno, basi yawezekana mtu akasema uongo kwa alama bila kufungua kinywa. Naziona namna tatu.

Ya kwanza ni kufanya kazi nusu. Mstari mzuri wa barabarani una kitu ambacho watu wengi hawakijui: juu ya rangi ambayo haijakauka hunyunyiziwa gololi za kioo, ndogo kama chembe za mchanga. Taa za gari zikizimulika usiku, gololi hizo huurudisha mwanga kule kule ulikotoka, machoni pa dereva, na ndiyo sababu mstari huonekana kama unawaka. Lakini gololi zapasa kunyunyizwa kwa wakati wake. Rangi ikiwa ya moto mno, huzama zote. Ikiwa imeanza kuganda, hazishiki, na matairi huzing'oa kwa siku chache. Inatakiwa kila moja izame kiasi cha nusu tu.

Sasa angalieni jambo hili. Mchana, mstari wenye gololi na mstari usio na gololi ni karibu sawa. Mkaguzi akipita saa nne asubuhi bila kipimo cha mwanga, ataona weupe, ataridhika. Tofauti haionekani mpaka usiku, anapokuja dereva asiyeijua njia, na macho yake yanautafuta ukingo wa barabara. Ndiye wa kwanza kujua kwamba gololi zilibaki katika mfuko. Hapa uaminifu wa fundi hauna shahidi. Hakuna atakayemsifu kwa kuwa mwaminifu, na yamkini hakuna atakayemkamata akiwa si mwaminifu. Ndugu zangu, ni kazi chache ambazo giza lake na nuru yake zimetengana waziwazi namna hii.

Namna ya pili ni kuiacha ahadi ichakae. Jua hufifisha vibao, na rangi nyekundu aghalabu ndiyo itanguliayo kupauka. Magurudumu hula mistari. Majani humea. Hapo hakuna mtu aliyesema uongo siku fulani. Uongo umekuja wenyewe polepole, kama nyufa za nyumba. Lakini yule aliyepewa kutunza na hakutunza hawezi kusema kwamba hakufanya neno. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na barabarani, ukuta huo huwa ni msiba wa watu.

Kuna jambo la kufundisha katika historia ya kibao cha kusimama cha Marekani. Leo twakijua kuwa chekundu, lakini kabla ya 1954 kile kilichokubaliwa rasmi kwa taifa zima kilikuwa cha njano. Si kwamba hawakujua kuwa nyekundu ni rangi ya hatari. Sababu kubwa ni kwamba hawakuwa na rangi nyekundu iwezayo kustahimili jua na mvua kwa miaka. Wakatumia njano idumuyo, mpaka ilipopatikana nyekundu isiyopauka upesi. Mimi naona hekima hapo: ni afadhali kuahidi kidogo kinachodumu kuliko kuahidi kikubwa kitakachopauka.

Namna ya tatu ni kusema kisichokuwapo. Mfano wake ni kile kibao cha "Watu wako kazini" kilichosahauliwa njiani mwezi mzima baada ya watu kuondoka. Dereva wa kwanza anapunguza mwendo, haoni mtu. Siku ya pili anapunguza kidogo. Siku ya tatu hapunguzi kabisa. Lakini hakujifunza kukidharau kibao kile kimoja tu. Amejifunza kuvidharau vyote vya aina ile. Na siku watakapokuwapo watu kweli, wameinama na brashi zao, atawafikia kwa mwendo ule ule. Kwa hiyo uongo wa kibao kimoja hunyang'anya heshima ya vibao vyote, kama vile shahidi mmoja wa uongo anavyowafanya watu wasiwaamini hata mashahidi wa kweli. Na anayelipa gharama, pengine, ni fundi mwenyewe.

SWALI GUMU

Hadi hapa nadhani tunakubaliana. Ni nani atakayetetea kazi nusu au uzembe? Lakini sasa nataka tuingie mahali pagumu zaidi, ambapo watu wema hutofautiana.

Chukueni kivuko cha pundamilia, yale mapande meupe ya kuvukia barabara, yaliyoanza kutumika rasmi Uingereza mwaka 1951. Kwa mwenda kwa miguu kivuko ni ahadi kubwa kuliko zote. Kinamwambia: "Vukia hapa. Hapa watasimama." Na sisi sote, ajali ikitokea mbele ya shule au mbele ya kanisa, jambo la kwanza tunaloliomba ni hilo: "Tuchoreeni pundamilia." Ni jambo la haraka, si ghali, na picha yake yafurahisha.

Lakini mwaka 1972 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi uliofanyika katika mji wa San Diego, Marekani. Zilitazamwa njia panda 400 zisizo na taa, ambazo kila moja ilikuwa na upande uliochorwa kivuko na upande usiochorwa. Kwa miaka mitano, waliogongwa upande uliochorwa walikuwa karibu mara sita ya wale wa upande mwingine. Kweli, wavukao hapo walikuwa wengi zaidi, kiasi cha mara tatu; lakini hata ukizingatia hilo, hatari ya kila mvukaji ilikuwa kama mara mbili. Watu walibishana sana juu ya taarifa ile. Uchunguzi mwingine mkubwa zaidi, uliochapishwa 2005, ulilinganisha vivuko 1,000 vilivyochorwa na mahali 1,000 pasipochorwa, katika miji 30 ya nchi hiyo. Ulionyesha kwamba katika barabara ndogo, zenye njia moja kwenda na moja kurudi, rangi haikuleta tofauti ya ajali. Lakini katika barabara pana zenye njia nyingi, zisizo na kisiwa cha katikati, na zipitishazo zaidi ya magari 12,000 kwa siku, mahali palipochorwa rangi peke yake palikuwa na ajali nyingi zaidi kuliko mahali pasipochorwa.

Sababu mojawapo ni rahisi kueleweka kwa mtu yeyote anayevuka barabara pana za Dar es Salaam, kama ile ya Mandela. Dereva wa njia ya kwanza ni mwungwana, anasimama. Mama aliyemshika mtoto mkono anaona gari limesimama, anaingia. Lakini gari lile lililosimama ni kubwa, limemficha. Dereva wa njia ya pili haoni mtu, anaona tu njia nyeupe mbele yake. Wema wa dereva wa kwanza umekuwa pazia.

Basi fundi anayeyajua haya amepewa karatasi ya kazi: achore kivuko mahali pa namna hiyo, rangi tu, bila tuta, bila kisiwa, bila taa. Afanye nini?

Wako watakaosema: "Yeye ametumwa. Aliyeamuru ndiye mwenye dhima." Hoja hii ina ukweli ndani yake. Hakuna kazi ya umma iwezayo kwenda ikiwa kila mtu atachagua amri za kufuata. Fundi si mhandisi wala si diwani, na yamkini mhandisi anajua jambo ambalo fundi halijui. Lakini hoja hii haifiki mwisho wa safari. Karani akiamriwa kuandika barua anayojua kuwa ina uongo wa kumdhuru mtu, hatusemi kwamba kalamu ilikuwa ya ofisi. Mkono ulikuwa wake. Amri yaweza kuigawa dhima kati ya watu wawili, lakini haiwezi kuifanya ya mmoja wao kuwa si kitu.

Wengine watasema: "Mkosaji ni dereva asiyesimama. Rangi haijamwua mtu." Hili nalo ni kweli mbele ya sheria. Lakini mama yule hakuingia barabarani kwa sababu ya dereva. Aliingia kwa sababu ya rangi. Mtu anayekualika upite mahali, hali akijua kwamba walinzi aliokuahidi hawatakuwapo, hawezi kunawa mikono kwa kusema kwamba walinzi ndio wabaya.

Na wako wa tatu watakaosema: "Basi asichore kabisa." Hapa tuwe waangalifu. Watu wa mahali pale huvuka, kuwe na rangi au kusiwe. Shule iko upande huu, kisima upande ule. Kuacha kuchora, halafu kwenda nyumbani na dhamiri safi, ni kuinunua dhamiri hiyo kwa hatari za watu wengine. Kukaa kimya kwa fundi hakumvushi mtoto.

Mimi naona hivi. Deni la kwanza la fundi si rangi, bali ni kusema anachokijua. Yeye ndiye asimamaye mahali pale tangu asubuhi hadi jioni. Yeye ndiye aonaye malori yanavyokuja, watoto wanavyokimbia, na wapi watu huvukia hasa, kinyume cha ramani. Elimu hiyo hana mtu mwingine ofisini. Basi na aseme, na aandike: "Hapa rangi peke yake haitoshi, hapa panataka tuta, au kisiwa, au taa." Akiisha kusema kwa uwazi, na wakubwa wakaamua, amekwisha kulipa sehemu kubwa ya deni lake. Akikaa kimya kwa sababu ya kuogopa kuitwa mjuaji, basi ile rangi aliyoichora kwa unyofu wote, pamoja na gololi zake, imekuwa uongo uliopambwa vizuri. Na ikiwa ana hakika kabisa kwamba anawaita watoto mahali pa kufa, basi naamini ana haki ya kusema, "Hiki sitakichora mpaka kiongezewe," na kukubali gharama yake. Lakini hapo ni mwisho wa njia, si mwanzo wake; na afikaye hapo bila kwanza kusema na kuandika ameruka hatua.

Kwamba yawezekana kufanya vizuri, tunao ushahidi wa karibu. Huko Dar es Salaam shirika la Amend liliendesha mpango uitwao SARSAI wa kuzikagua njia za watoto wa shule za msingi, na kuweka pamoja vitu ambavyo kwa kawaida hutengwa: matuta, njia za waenda kwa miguu, vivuko na vibao, na pengine hata kuhamisha lango la shule lisitazame barabara kubwa. Majeruhi wa barabarani katika maeneo hayo walipungua kwa kiasi kifikacho robo, na mwaka 2019 mpango huo ulipewa tuzo ya kimataifa ya miji iitwayo WRI Ross Prize for Cities. Hapo rangi haikuachwa ipigane peke yake. Neno lilisemwa, na tuta likasimama nyuma ya neno hilo kama mdhamini.

DENI LETU SISI

Sasa msifikiri kwamba nimemleta fundi huyu ili tumhukumu, nasi tukiwa tumekaa kivulini. Kuna jambo moja ambalo ahadi yake inatofautiana na ahadi nyingine zote. Nikiahidi kurudisha jembe, kutimiza ni juu yangu mwenyewe. Lakini fundi anapochora kivuko, anaahidi jambo ambalo watu wengine ndio watakaolitimiza. Anaandika, "Hapa watasimama," na watakaosimama ni nani? Ni sisi. Ni dereva wa daladala, ni kijana wa bodaboda, ni mzee wa kanisa anayewahi ibada kwa gari lake dogo. Kila anayesimama, analifanya neno la fundi kuwa kweli. Kila anayepita bila kusimama, analifanya kuwa uongo, hata kama lilichorwa na mtu mwaminifu kuliko wote. Wengi hudhani kwamba kuvunja alama ya barabarani ni kosa dogo kati yao na askari wa usalama barabarani. Sivyo. Ni kumfanya mtu mwingine kuwa mwongo mbele ya mtoto aliyemwamini.

Hesabu ya jambo hili si ndogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani ulimwenguni, na asilimia 23 kati yao walikuwa watu waendao kwa miguu tu.

Tena kuna wale wanaong'oa vibao na nguzo zake na kuviuza kama vyuma chakavu, pamoja na wale wanaonunua bila kuuliza. Mwizi wa kuku humwibia mwenye kuku. Lakini mwizi wa kibao cha kona, amemwibia nani? Anamwibia mtu ambaye bado yuko safarini, hajafika, hajui kwamba ameibiwa, na atajua mahali ambapo hakuna tena nafasi ya kugeuza usukani. Bei ya chuma kile sokoni ni fedha ya vitafunio. Nchini Kenya, mnamo Januari 2022, Serikali ililazimika kuisimamisha kwa muda biashara yote ya vyuma chakavu kwa sababu ya kuhujumiwa kwa mitambo ya umma, zikiwamo nguzo za umeme. Hapo waliumia hata wafanyabiashara waaminifu. Lakini katika kila kijiji watu huwajua wanunuzi wao, na nyamaza yetu ni sehemu ya biashara ile.

Mwisho, tuko sisi tunaoomba. Wazee wa kanisa wakipeleka barua ofisini, wasiombe rangi tu kwa sababu rangi ndiyo inayopatikana upesi. Waulize: Barabara hii ina njia ngapi? Magari hupita kwa mwendo gani? Tuta litakuwapo? Nani atairudia rangi ikifutika? Kuomba vizuri ni kumsaidia fundi aseme kweli. Na mafundi wakija kuchora, wapelekeeni maji ya kunywa, na waelezeni mahali watoto wanapovukia hasa. Hao ni wageni waliokuja kuandika neno kwa niaba yetu. Si vyema waandike bila kutusikia.

Niliuliza mwanzoni, mdai ni nani ikiwa mtu unayemtumikia humjui. Jibu langu ni kwamba deni halipungui kwa sababu mdai hajui kudai. Bali huongezeka. Kwa mtu awezaye kututazama usoni twaweza kuwa waaminifu kwa haya tu. Kwa yule asiyetuona, hatuna cha kutusukuma ila uaminifu wenyewe. Ndiyo maana kazi zisizo na shahidi ndizo zinazotuonyesha sisi ni watu gani: gololi zilizonyunyizwa kwa wakati wake, nati iliyokazwa mpaka mwisho, dawa iliyopimwa sawasawa katika maji ya mji.

Nanyi mnaoendesha magari, msingoje kampeni wala wiki ya usalama barabarani. Kesho asubuhi mtafika kwenye kivuko, na pembeni atakuwapo mtu aliyesimama akingoja. Yuko mtu aliyemwahidi kwamba mtasimama. Simameni.